Kutunza Shamba Lako kwa Uwindaji wa Swala Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wenye ranchi, mashamba ya familia na ardhi ya kimila ambako swala bado wanaonekana: pembezoni mwa Ziwa Mburo, Kiruhura na Isingiro, Nakasongola na bonde la mto Kafu, hadi Karamoja. Ni maswali ambayo watu huuliza kweli, mengine kwa hasira. Anayetafuta njia ya mkato ya kupata kitoweo amebisha mlango usio wake.

Swala wanakula majani yangu na kunywa maji yangu. Kwa nini wasiwe mali yangu?

Sheria ya Wanyamapori ya Uganda, ile ya 1996 na hii ya 2019, inasema mnyama wa porini ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, hata akilala nyuma ya boma lako kila usiku. Umiliki unahamia kwako pale tu unapomchukua kihalali, kwa kibali.

Wengi hudhani jambo hili liko Uganda peke yake. Marekani nako kulungu ni wa umma. Mwenye shamba anachotawala ni lango, yaani nani aingie kwake na nani asiingie. Afrika Kusini ndiyo iliyoenda njia nyingine: kwa sheria yao ya mwaka 1991, mwenye shamba lililozungushiwa uzio wa kutosha na lenye cheti humiliki wanyama waliomo. Sasa watu wetu wanasikia habari za Limpopo, wanarudi kuuliza kwa nini Kiruhura hali si hiyo hiyo. Nchi nyingine, sheria nyingine.

Chako ni nini, basi? Majani, kichaka, maji, uzio, mbwa, wachungaji na utulivu wa eneo. Ukivitunza hivyo, swala watakuja na watakaa. Ukiviharibu, hata upewe kibali cha kuwinda swala mia, hakuna atakayeonekana. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu yafuatayo inahusu majani na watu, na bunduki utaikuta mbali huko chini.

Uwindaji unaruhusiwa kweli Uganda? Mzee wangu aliniambia ulifungwa zamani.

Mzee wako hakukosea. Ulipigwa marufuku mwaka 1979, baada ya miaka ya vita na bunduki nyingi mikononi mwa watu kuwamaliza wanyama. Mwaka 2001 ulirudishwa kwa majaribio kwenye mashamba ya watu binafsi kando ya Hifadhi ya Ziwa Mburo, parishi ya Rurambiira, sabukaunti ya Nyakashashara, mahali ambapo leo ni wilaya ya Kiruhura. Baadaye ulipanuliwa kwenda maeneo mengine. Ndani ya hifadhi ya taifa hauruhusiwi.

Nianzie ofisi gani?

Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA. Unachoomba ni haki ya kutumia wanyamapori. Haki hizo zina madaraja kwa herufi: A ni uwindaji, B ufugaji wa wanyamapori, C ranchi ya wanyamapori, D biashara ya bidhaa zao, E elimu na utafiti, F uvunaji wa jumla. Mtu mmoja anaweza kuomba, vilevile kikundi au kampuni.

Kwa kawaida mwenye shamba dogo haombi peke yake. Majirani wanaungana, wanaandikisha chama chao, halafu wanaingia mkataba na kampuni ya uwindaji yenye leseni pamoja na UWA. Kampuni ndiyo inayoleta wageni, waongozaji na bunduki. UWA inahesabu wanyama na kupanga mgao wa mwaka, yaani idadi inayoruhusiwa kupigwa. Ninyi mnatoa ardhi na ulinzi. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na ofisi ya wilaya wajue tangu siku ya kwanza. Msikose hilo, kwa sababu mlio wa risasi usio na maelezo kijijini huzaa simu kwa polisi, na afande akifika hana muda wa kusoma mikataba.

Nina ekari 60 tu. Inatosha?

Peke yake, hapana. Swala pala kundi zima linaweza kuvuka ekari zako kabla chai ya asubuhi haijapoa. Ranchi za Ankole zilipokatwa miaka ya 1960 zilikuwa hamsini, kila moja maili tano za mraba hivi, na hata kwa ukubwa huo mnyama hakujua mpaka. Tangu miaka ya 1990 zimegawanywa, zikarithiwa, zikauzwa vipande. Leo shamba la ekari 60 ni njia ya kupita tu.

Lakini ekari 60 zilizo katikati ya majirani kumi waliokubaliana ni jambo jingine kabisa. Pongo ndiye anayekaa sehemu ndogo. Kichaka kizuri kando ya kijito kinaweza kumtunza mwaka mzima. Kwa hiyo swali la ukubwa wa shamba lirudishe kwa jirani: mnasikilizana au mnashtakiana?

Angalia pia aina ya ardhi. Kwenye mailo, yaani ardhi ya hati ya kudumu, kama Nakasongola, kuna wenye vibanja, watu wanaokaa na kulima juu ya ardhi hiyo, wanaolindwa na Sheria ya Ardhi ya 1998. Huwezi kuingiza wawindaji juu ya vichwa vyao kwa sababu hati ina jina lako. Kwenye ardhi ya kimila, ukoo ndio unaoamua, na saini ya mtu mmoja ni karatasi tu.

Nimesoma sana ushauri wa Wamarekani kuhusu kulungu wao. Naweza kuutumia hapa?

Nusu yake, kwa uangalifu. Uganda haina kulungu wa aina ile, wenye pembe za matawi. Wa kwetu ni jamii ya swala: swala pala, pongo, kuro, tohe, taya, pofu, nzohe na kobu wa Uganda, yule aliye kwenye nembo ya taifa pamoja na korongo. Tofauti zinagusa utunzaji moja kwa moja.

Ya kwanza ni pembe. Dume la kulungu huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine, kwa hiyo Mmarekani akitaka pembe kubwa anafikiria chakula na madini ya mwaka ule. Pembe za swala hazianguki. Zinakua pole pole miaka yake yote ya ujana, na zikivunjika zimevunjika. Dawa ya pembe nzuri hapa ni moja: mwache dume azeeke.

Ya pili ni uzazi, na hapa ndipo hesabu za kigeni zinapoweza kukufilisi. Kulungu jike wa Marekani mwenye mkia mweupe akishiba vizuri huzaa pacha mara nyingi. Swala pala huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya miezi sita na nusu hivi. Kobu mmoja, baada ya miezi minane hivi. Kule wanaweza kuvuna robo ya kundi kila mwaka na kundi likabaki. Ukivuna robo ya swala pala wako, na chui, fisi na watega mitego ya nyaya nao wachukue zao, baada ya miaka michache utabaki na nyasi peke yake.

Ya tatu, wao wanapambana na baridi kali. Sisi adui yetu ni kiangazi, Juni hadi Agosti na tena Desemba hadi Februari. Mashamba yao ya klova, yale majani ya malisho, na mahindi ya kulungu achana nayo. Hapa mahindi yatavuta nyani na ngiri kabla swala hajayaona.

Wanachofundisha vizuri ni subira na ushirikiano wa majirani. Hivyo chukua.

Ng'ombe na swala wanaweza kukaa pamoja?

Wanaweza, na kwa kiasi fulani wanasaidiana. Swala pala na kobu wanapenda majani mafupi mabichi. Ng'ombe wakipita kwenye majani marefu, wiki chache baadaye huota machipukizi ambayo swala huyafuata. Mwenye ranchi anayegawa malisho kwa vipande na kuyapumzisha kwa zamu, tayari anawatunza swala bila kujua.

Tatizo ni ng'ombe wengi kupita kiasi. Ardhi ikibaki kipara, majani mazuri yanakufa na omutete unaingia, yale majani magumu ambayo ng'ombe wa Ankole hata akiwa na njaa huyazunguka. Nakasongola wanaijua hatua inayofuata: mchwa wanamaliza kilichobaki na mvua inabeba udongo. Kwenye shamba la namna hiyo usizungumzie uwindaji. Punguza mifugo kwanza.

Pundamilia ndiye mshindani wa kweli wa ng'ombe, kwa kuwa anakula majani yale yale na kwa wingi. Pongo hashindani hata kidogo. Anakula majani ya vichaka. Pofu naye hula vyote, hutembea mbali, na uzio wa kawaida anauruka kana kwamba haupo.

Kichaka kimeniingilia kila mahali. Nikikate chote?

Hapana, tafadhali. Watu wa Mburo wamehangaika na miti ya miiba ya jamii ya akasia tangu tembo walipotoweka na moto kuzuiwa. Inafunga malisho, ng'ombe wanakonda. Hasira inaeleweka. Lakini nimeona mtu akikodi vijana wa mkaa wakasafisha kilima kizima, kisha akashangaa pongo wamekwenda wapi.

Kata kwa viraka. Fungua uwanja hapa, acha kichaka pale, na hakikisha mnyama anaweza kutoka kichakani kwenda majini bila kuvuka uwazi mkubwa. Swala pala hupenda mahali kichaka na uwanja vinapokutana: mvua ikinyesha anakula majani ya chini, kiangazi anahamia majani ya miti. Kadiri mipaka hiyo inavyokuwa mingi ndivyo shamba lako linavyobeba wanyama wengi. Usiguse kabisa vichaka vya kandokando ya vijito na vilivyo juu ya vichuguu vikubwa. Ndimo majike wanamoficha watoto. Lantana yenyewe ing'oe bila huruma, inaua ng'ombe.

Visiki visipotibiwa au kung'olewa vitachipua maradufu. Aliyekata mara moja bila kurudi amejiongezea kazi.

Na moto?

Sheria inakataza kuchoma majani ovyo, kwa hiyo pata ruhusa ya viongozi kwanza. Ukiruhusiwa, choma mapema kiangazi kinapoanza, majani yakiwa bado na unyevu, kipande kidogo kwa wakati, baada ya kusafisha njia ya kuzuia moto. Moto wa mwisho wa kiangazi ni janga: unaua watoto wa swala waliofichwa, unaunguza uzio wa jirani, na kesi yake haiishi.

Niweke chumvi na maji?

Maji ndiyo. Bwawa la kuchimba ndilo linaloamua kama wanyama watabaki kwako wakati wa ukame. Kando ya Mburo mvua ikinyesha wanyama hutawanyika kwenye mashamba, kiangazi wanavutwa kurudi karibu na maziwa ya hifadhini. Mwenye maji ya kudumu hubaki na baadhi yao.

Vitu viwili husahaulika. Bwawa lenye kingo zilizosimama wima ni kaburi la watoto wa swala. Chimba upande mmoja uwe mteremko, au panga mawe. Halafu, swala hawaji majini ng'ombe mia mbili wakiwa pale na wachungaji wanapiga miluzi. Waachie saa zao: ng'ombe wakisharudi bomani jioni, mtu yeyote asiende bwawani hadi asubuhi.

Chumvi ni jambo la kupima. Chumvi ya Katwe wafugaji wameitumia vizazi na vizazi, na swala wataipenda pia. Ila jiwe la chumvi linakusanya ng'ombe na wanyama wa porini mahali pamoja, wanabadilishana mate na kupe, na mtega nyaya naye anapajua. Ukiweka, weka mbali na njia za watu, uhamishe mara kwa mara. Kwa maoni yangu shamba lenye majani mchanganyiko halihitaji.

Swala wataniletea magonjwa ya ng'ombe?

Inategemea ni mnyama gani. Nyati ndiye wa kuogopwa: anabeba vimelea vya ndigana kali na virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo bila kuonekana mgonjwa, na anayejua karantini ya Kiruhura anajua hasara yake. Pongo ni chakula anachokipenda mbung'o, na anaweza kuhifadhi vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o huyo. Ndiyo sababu miaka ya 1950 na 1960 serikali iliwapiga risasi wanyama wengi sana Ankole ili kumaliza mbung'o. Swala pala ana kupe, lakini hujisafisha kwa meno na ulimi kutwa nzima, hata wawili wawili wakisafishana shingo, kwa hiyo hawi na kupe wengi kama unavyodhani.

Endelea kuogesha ng'ombe kwa ratiba na dawa aliyokuchagulia daktari wa mifugo. Sehemu nyingi za Ankole kupe wameshazoea dawa kwa sababu watu walichanganya wenyewe kwa kubahatisha, na swala wamesingiziwa.

Mnyama ukimkuta amekufa bila jeraha, tumbo limevimba, damu isiyoganda inatoka puani au nyuma, usimguse, usimchune, usimkate. Hiyo inaweza kuwa kimeta. Zuia mbwa na watoto, piga simu kwa daktari wa mifugo wa wilaya na UWA. Kimeta kimewahi kuua viboko wengi Hifadhi ya Queen Elizabeth mwaka 2004, na binadamu anayekula nyama ya mzoga kinamuua pia.

Uzio wa aina gani?

Seng'enge nyingi zilizokazwa hadi chini zinaua. Waya wa chini kabisa uwe laini, usio na miiba, na uinuliwe hadi goti la mtu mzima ili watoto wa swala na ngiri wapite chini. Wakikosa pa kupita, ngiri atachimba na uzio wako utalegea vilevile. Minyaa kama uzio inafaa sana; ni rahisi, ina kivuli, na hakuna swala aliyewahi kunaswa kwenye mnyaa.

Ukijenga uzio mrefu wa kuwafungia wanyama ndani wasitoke, hapo umehama kwenye uwindaji wa kawaida ukaingia ranchi ya wanyamapori, na kibali chake ni kingine.

Nyaya za kutegea ziko kila mahali. Nifanyeje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, na mtu asiyelishughulikia aache mengine.

Mtego wa waya hauchagui. Unakamata jike mwenye mimba, dume bora la eneo, mtoto, mbwa, na mara nyingi mguu wa ndama wako. Mtegaji akitega ishirini akala mmoja, waliobaki wanaoza. Mgao halali wa mwaka mzima unaweza kupotea kwenye mistari michache ya nyaya ndani ya mwezi.

Wachungaji wako ndio doria. Wanatembea kila siku, wanajua alama za viatu vya nani. Lakini mchungaji anayelipwa kidogo na kwa kuchelewa ndiye huyo huyo atakayeonyesha mtegaji pa kuweka. Mlipe kwa wakati, nyama ya uwindaji halali ikipatikana awe wa kwanza kupata fungu, na mwulize habari za porini kabla ya kumwuliza habari za maziwa. Usilipe kwa kila waya unaoletwa. Ukilipa kwa waya, waya zitaongezeka. Watu watatega asubuhi na kukuletea jioni. Lipa mshahara wa doria.

Mbwa wafungwe msimu wa kuzaa. Jike wa swala pala humficha mtoto siku za mwanzo, na mbwa wawili wa mchungaji wanamaliza wengi kwa kucheza tu. Karibu na ikweta wanazaa mwaka mzima, lakini wengi hufuata mvua, kwa hiyo angalia zaidi Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba.

Mtegaji ukimjua, nenda na mwenyekiti wa LC1 na renja wa UWA. Usimpige. Kijana wa jirani aliyevunjwa mkono kwa ajili ya pongo atakugharimu amani ya kijiji, na wenzake watarudi usiku na nyaya zaidi.

Nitajuaje nina wanyama wangapi?

Hesabu kwa njia moja ile ile, saa ile ile, mwezi ule ule. Chora mistari michache ya kutembea inayovuka aina zote za ardhi yako, tembea alfajiri, andika aina, jike, dume, mtoto. Hesabu yako haitakuwa kamili, na haina haja. Unachotaka kujua ni kama inapanda au inashuka, na kama majike mia wanafuatana na watoto wengi au wachache. Watoto wachache miaka miwili mfululizo ni taarifa ya mbwa, nyaya, chui au njaa, na inabidi ujue ni ipi.

UWA wana hesabu yao, na mgao hutoka kwao. Daftari lako linakusaidia kuwauliza maswali mazuri.

Mgao wa kawaida ni kiasi gani, na apigwe yupi?

Wengi wanaowinda kwa ajili ya pembe Afrika hawazidishi asilimia 2 hivi ya kundi zima kwa mwaka, na madume wazee tu. Kundi la swala pala 300 linakupa sita. Watu husikia sita wanakata tamaa, lakini sita kila mwaka kwa miaka ishirini ni zaidi ya thelathini mara moja.

Dume mzee wa swala pala ana shingo nene, ncha za pembe zimechakaa, na mikunjo ya pembe chini imelainika. Kijana pembe zake zinang'aa na ncha ni kali. Anayetawala kundi la majike usimguse wakati wa kupandana. Tafuta mzee aliyefukuzwa anayetembea peke yake. Pongo mzee huwa mweusi zaidi, na mara nyingi manyoya ya shingoni yameisha kama aliyevaa kola.

Kobu ana jambo la pekee. Madume hukusanyika uwanja mmoja, kila mmoja na kipande chake kidogo, na majike huenda kuchagua. Madume wachache wa katikati ndio wanaozalisha karibu watoto wote. Mwindaji akiona uwanja ule anafurahi, maana madume makubwa yamesimama wazi kabisa. Mkatalie. Usiruhusu hata gari kusimama karibu.

Majike je? Kule Marekani wanawapiga majike kwa sababu mbwa mwitu wameisha na kulungu wamejaa hadi bustanini. Mashamba yetu mengi hayajafika huko hata karibu.

Nzohe wako kwenye papirasi chini ya shamba langu. Naweza kufungua njia wapigwe vizuri?

Usifyeke, usichome, usikaushe. Ardhi oevu Uganda serikali inaishikilia kwa dhamana ya wananchi kwa mujibu wa Katiba ya 1995, hata ikiwa ndani ya mipaka ya hati yako. Nzohe bila papirasi hayupo. Kwato zake ndefu zilizotanuka zimeumbwa kwa kutembea juu ya matope, na nchi kavu anakimbia vibaya. Bonde la Kafu wawindaji humvizia kutoka kwenye jukwaa refu lililojengwa pembeni, na wanasubiri.

Usalama wa watu kijijini?

Risasi ya bunduki ya kuwindia inaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu. Katika kilomita hizo una wachungaji watoto, akina mama wa kuni, boda boda kwenye njia ya panya na shule. Kwa hiyo: hakuna kupiga mnyama aliye juu ya kilele na mbingu nyuma yake, lazima nyuma yake kuwe na mlima au kichuguu. Siku za uwindaji zitangazwe mapema kwa LC1, kanisani na msikitini. Mchungaji wa shamba husika atembee na wawindaji. Yeye ndiye anajua nani alikwenda bonde lipi asubuhi ile.

Bunduki ni suala la polisi na leseni. Ya kwako ya kulinda ng'ombe haikupi ruhusa ya kupiga swala.

Pesa inagawanywaje?

Soma mkataba wako, si wa jirani. Mwanzoni Mburo, fungu kubwa la ada lilikwenda kwenye chama cha jamii na miradi yake, na wenye mashamba wakalalamika kwamba wao ndio wanaolisha wanyama huku zahanati ikijengwa mbali nao. Mgawanyo ukarekebishwa ili mwenye ardhi apate chake. Asiye na shamba lakini aishiye na wanyama hao naye ana hoja, na chama kinachompuuza kitapata nyaya.

Kwenye mkataba dai mambo haya yaandikwe: mnyama aliyejeruhiwa akapotea analipiwa na anahesabiwa kwenye mgao, nyama inabaki kijijini, daftari la kila mnyama, tarehe na shamba alikopigwa linafunguliwa kwa wanachama, malipo yana tarehe. Fedha isomwe mbele ya mkutano, kwa sauti.

Asilimia 20 ya ada ya kuingia hifadhi ya taifa, inayokwenda kwa jamii jirani, ni kitu kingine. Msikubali kuambiwa ndiyo hiyo hiyo.

Chui amekula mbuzi zangu saba. Naweza kumwingiza kwenye mgao?

Hapana, huo si uamuzi wako wala wa kampuni. Mwaka 2007 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, uliiwekea Uganda kikomo cha nyara 28 za chui kwa mwaka, na ndiyo maana uvumi hauishi, lakini chui ana ulinzi mkali na sumu kwenye mzoga itakufikisha mahakamani. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka sheria ya 2019 inafika hadi kifungo cha maisha.

Sheria hiyo hiyo ilianzisha fidia kwa madhara ya wanyama walioorodheshwa, ikitengewa asilimia 2 ya mapato ya UWA. Ripoti mapema, piga picha, usiondoe mizoga kabla haijaonekana. Halafu jenga boma la usiku lenye paa. Chui anaruka.

Nyani na nguruwe mwitu wanamaliza mahindi. Hao si wanyama waharibifu tu?

Wametangazwa kuwa waharibifu, ndiyo, lakini hata hao wana afisa wao wilayani. Mpitie yeye.

Gari limegonga pongo mbele ya lango langu. Naweza kuchukua ngozi na pembe nikatundika sebuleni?

Si bila kibali. Ukikutwa nazo, maelezo ya gari hayana uzito kama hakuna ripoti. Piga simu UWA siku hiyo hiyo, taja mahali, waambie LC1 aandike. Wakikuruhusu kubaki na kitu, watakupa karatasi; itunze mahali pamoja na hati ya shamba.